Yai la Doto

Kama ningesema hapana siku ile, nisingekuwa na kisa hiki. Kilinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, nyumbani kwangu Buhongwa, na sikuwa nimeonja kitu.

Mwanangu alipata mapacha wa kike. Kwetu Wasukuma, pacha wa kwanza huitwa Kulwa, anayemfuata Doto. Doto alifariki akiwa na miezi mitatu, tukamzika Kisesa. Baada ya msiba mwanangu akaniambia, "Baba, huyu tusimwite Kulwa tena. Kila akiitwa, mama yake anamsikia na yule mwingine. Tumwite Rehema tu, na Doto asitajwe." Mimi ndiye mkubwa wa nyumba, neno lilikuwa langu. Nikakubali. Niliona ni huruma.

Tukanyamaza miaka sita, na kaburini hatukwenda.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka iliyopita, nilibaki na Rehema. Shuleni alikuwa amefundishwa kupamba mayai, akaning'ang'ania mpaka nikakubali. Rangi hatukuwa nayo. Nilichemsha maganda ya vitunguu, maji yakawa na rangi ya udongo mwekundu, nikayaacha jikoni yapoe. Mayai yalikuwa ya kienyeji, meupe. Nilimwonyesha kuchora juu yake kwa mshumaa: mchoro hauonekani mpaka yai lizamishwe, maana penye nta rangi haishiki.

Tukiwa barazani nikasikia, "Shikamoo, babu."

Binti wa umri wa Rehema alisimama kando ya kiti changu. Nikadhani wa jirani.

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Wa hapa hapa."

Nikampa yai na kipande cha mshumaa. Akakaa mkekani, akalichungulia yai la Rehema. "Lako kama kiazi."

"Na wewe unashika mshumaa kama mwiko," Rehema akamjibu. Wakacheka, na niamini, kicheko kilikuwa kimoja.

"Kwani mnafahamiana?" nikauliza.

"Babu naye," Rehema akasema. "Si Doto huyu? Mimi Kulwa."

Nani alimfundisha majina hayo? Nikamtazama mgeni vizuri: nyusi zilezile, pengo lilelile la meno ya mbele. Utasema macho ya uzee. Sawa. Ila sikuogopa, na hadi leo nashangaa kwa nini. Nikaingia jikoni kuchukua sufuria ya rangi. Niliporudi, Rehema alikuwa peke yake, na geti lilikuwa limefungwa kwa komeo kama nilivyoliacha.

"Ameondoka," akasema. "Anasema asante kwa yai."

Nikalizamisha yai la mgeni. Mchoro ukajitokeza taratibu: mzee mwenye kipara kama changu, amewashika mikono watoto wawili, mmoja kila upande.

Jumatatu ya Pasaka nilimweleza mwanangu na mkewe kila kitu, nikaomba radhi. Mkewe alilishika lile yai, akasema, "Doto wangu," akalia, kisha akacheka. Tukaenda Kisesa sote. Msalaba wa mti ulishaoza, mvua zilishasawazisha udongo, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kaburi lilikuwa wapi. Yai tuliliacha kwenye majani, pembeni.

Rehema sasa ni Kulwa tena. Namshukuru Mungu kwa hilo, na kwa alasiri ile. Ni wangapi wamewahi kukaa mkeka mmoja na mjukuu waliyemzika? Lakini wewe unayenisoma, ukiombwa kufuta jina la mtoto ili nyumba itulie, kataa. Mimi sikukataa, na sasa sijui mjukuu wangu amelala wapi.