Mswada Uliokosa Mwisho

Siku ninayoikumbuka zaidi, mwanangu, ni ile niliyopokea barua ya kunisifu nikajifungia jikoni kulia. Keti vizuri nikueleze, maana nasikia nawe unaandika, na kila unayekutana naye unamwuliza wachapishaji wanapatikana wapi.

Nilikuwa binti wa umri kama wako. Kwetu ni Igamba, kwenye kahawa, lakini baba yangu mdogo alikuwa na hoteli ya chai hapa Tunduma, karibu na forodha, akaniomba nije kumsaidia. Reli ilikuwa haijafika. Mafuta ya kwenda na shaba ya kurudi vyote vilipita barabarani, na madereva walishinda hapa wakisubiri karatasi zao zigongwe muhuri wavuke kwenda Nakonde. Hoteli ilijaa watu wazima wasio na la kufanya. Mimi nilikuwa nimelelewa na bibi, na bibi alinilisha ngano kuliko ugali, basi nikaanza kuwasimulia hadithi za kutunga mwenyewe huku nakaanga maandazi.

Walinipenda, nami nikajipenda zaidi. Kila hadithi ilipokolea, mtu alichungulia mlangoni akasema karatasi ziko tayari. Wasikilizaji wangu wakainuka, wakaacha vikombe, wakaenda zao Zambia. Kesho yake walikuja wengine, nami nikaanzisha nyingine. Hivyo nikawa fundi wa kuanza. Ungenipa jina la mtu na la kijiji tu, ningekuanzishia hadithi hadi chai yako ipoe. Kumaliza, sikuwahi kumaliza hata moja, na hakuna aliyewahi kunidai.

Ndipo redioni tukasikia kampuni ya vitabu ya Dar es Salaam ikiwaita waandishi wapya walete kazi zao. Nikaandika sura tatu za msichana wa Mbozi aliyefunga safari kumtafuta mchumba wake aliyepotelea kwenye migodi ya shaba. Nikazitia posta. Jibu likaja: ndugu, tumezipenda sana, tuletee mswada mzima kabla mwezi wa sita haujaisha. Baba mdogo aliisoma barua ile kwa sauti mbele ya wateja, akagawa chai ya bure, na wanaomjua walishangaa chai kuliko barua. Mimi nikaingia jikoni nikafunga mlango. Mswada mzima sikuwa nao. Kama msichana yule alimpata mchumba wake au la, hata mimi sikujua.

Nikafanya nini? Nikaanza hadithi nyingine. Usinicheke, nimeviona vibunda vyako vya karatasi zisizo na mwisho.

Wakati ule palikuwa na dereva mmoja mtu mzima, Mzee Salumu, wa Tanga. Lori lake lilikuwa limevunjika difu, naye akisubiri spea kutoka Dar. Wenzake walikuja na kuondoka, yeye yupo tu, kofia yake ya kufuma kichwani. Akawa msikilizaji wangu wa kwanza asiyeondoka; hadithi ya msichana wa Mbozi na barua ya Dar zote alikwisha kuzisikia. Alasiri moja, nikiwa nimenoga na hadithi mpya, akaweka kikombe chini.

"Binti yangu, yule msichana aliyekwenda migodini amefika wapi?"

"Bado, baba. Hii ya leo nzuri zaidi."

"Ya leo nayo utatuacha porini. Mimi nikipakia watu Tanga nikawashusha katikati ya pori, hata kama niliendesha vizuri, wataniita dereva?"

Watu wakacheka. Nikapandwa na hasira, nikamwambia kampuni kubwa ya Dar imenisifu.

"Imekusifu, na imekuagiza mzigo. Mzigo uko wapi?"

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mgema alikuwa mimi, na nusu ya mtungi ilikuwa maji tayari. Nililia, mwanangu. Baadaye yule mzee akaja kusimama mlangoni pa jiko, akasema taratibu, "Sikutaka kukuaibisha. Mimi sina pa kwenda mpaka spea ije. Andika, kila alasiri unisomee. Ukiona nasinzia, pale pafute."

Basi nikaandika. Waliosema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, naona waliwahi kuandika katikati ya kitabu. Nilimsomea kurasa mbili za jua likichomoza juu ya milima yetu, kurasa nilizozipenda kuliko chochote, akakoroma. Nikazichana. Mara nyingine aliuliza maswali ya kuudhi: huyo msichana anakula nini njiani? Analala kwa nani? Kwa Kibemba anasemaje akiomba maji? Sikujua, ikabidi niwaulize Wazambia waliokuja kununua sabuni.

Spea ikaja kabla sijafika mwisho. Mzee akatengeneza lori, akavuka. Nilidhani nitapumua, kumbe sikupata raha. Kwa mara ya kwanza palikuwa na mtu ambaye angerudi kuniuliza. Maji nilikuwa nimeyavulia nguo, nikayaoga.

Aliporudi na mzigo wa shaba, hata salamu hakutoa. "Je, alimpata?"

Nikamsomea. Msichana alimpata mchumba wake ana mke na watoto. Akamsalimia yule mke, akanywa maji aliyopewa, akaaga, akarudi kwao. Mzee Salumu akasema, "Maskini. Lakini amefanya vizuri." Akaufunga mswada kwenye nailoni, akauweka nyuma ya kiti chake, akaupeleka Dar mwenyewe. Nakala nyingine nilikuwa nimeiandika kwa mkono, ikabaki kwa baba mdogo.

Kampuni wakaupokea, wakanitaka niiondoe sura ya kwanza yote. Ile iliyonipatia sifa. Iliniuma sana, nikaiondoa. Kitabu kilipotoka, nakala moja nikampa Mzee Salumu. Alifungua ukurasa wa mwisho kwanza, akafuata mistari kwa kidole, ahakikishe wamemwacha msichana arudi nyumbani.

Basi mwanangu, kabla hujauliza mchapishaji yuko wapi, jiulize mswada uko wapi. Najua karatasi imekuwa adimu na wachapishaji wanalia, lakini mashindano yapo, magazeti yapo, na wanaotafuta watu wapya hawajaisha. Wote watakuuliza kama umemaliza. Maliza kwanza. Tafuta mtu mmoja asiyeogopa kusinzia mbele yako, umheshimu kuliko kumi wanaokupigia makofi. Soma vitabu vya kampuni kabla hujaiandikia, usije ukawapelekea mapenzi watu wa vitabu vya hesabu. Nakala usikose kubaki nayo. Mkataba usitie sahihi mpaka umeusoma pamoja na mtu mwenye akili zake. Na wakikuambia ukate, lia kidogo, halafu kata.

Nakupenda, ndiyo maana nakusumbua. Mungu akupe mkono usiochoka na msikilizaji asiyekuonea haya. Na kila utakayemtoa kwao ukamweka njiani kwenye karatasi zako, Mungu akujalie nguvu ya kumfikisha.