Miwa Nyuma ya Ghorofa Letu, Weston

Enzi zetu pale Weston, mtaa wa Toronto, miaka ya tisini, tulicheza kamba na mpira kwenye maegesho mpaka mama mmoja apige kelele kutoka balkoni. Na kwa kuwa kila mama alikuwa mama wa wote, wote tulipanda. Korido zilinukia sombe ya majani ya muhogo, vitunguu na sabuni ya kufulia. Wanangu leo ukiwatuma chumvi kwa jirani wanauliza kwanza kama amepigiwa simu. Sisi tuliingia tu, na kama chakula kipo mezani, tulikaa.

Jirani yetu wa chini alikuwa Mzee Anselmo kutoka Peru, babu yake Rosita niliyesoma naye. Kwao ni bonde kame lililobanwa na milima, ambako bila mifereji hata nyasi haioti. Walimwagilia miwa kwa zamu, wakaikamua kwa kinu kilichozungushwa na maksai, kisha wakaichemsha wakapata sukari guru. Koko wangu, mama yake baba, naye alilima miwa ya mifereji katika bonde la Ruzizi, kabla vita havijatutoa kule. Mzee alisimulia kwa Kihispania, Rosita akatafsiri kwa Kiingereza, mimi nikampa Koko Kiswahili. Mara nyingi Koko alishaanza kuitikia kwa kichwa kabla sijamaliza.

Mwaka mmoja Koko aliugua tumbo, na madaktari wakasema hawana la kufanya tena. Chakula kilimshinda. Alitamani kitu kimoja tu: muwa uliotoka kukatwa shambani, si ile mikavu ya dukani iliyosafiri mpaka ikachoka. Mzee Anselmo aliposikia, alinunua hiyo hiyo ya dukani, akaikata pingili, akaiotesha ndani kwake, na baridi ilipokwisha akaihamishia kwenye kibustani nyuma ya jengo. Alichimba mifereji midogo. Sisi watoto tulibeba maji kwa zamu, na ole wake aliyeiba zamu ya mwenzake! Kiangazi kile miwa ilinipita kimo.

Siku zilipoanza kufupika, baba alisema ikatwe, baridi haina urafiki. Lakini mkulima wa miwa hakurupuki kukata. Kwanza huinyima maji kwa wiki kadhaa, ili sukari ikusanyike.

"Muache mayi sasa," Koko aliagiza kutoka kiti chake cha dirishani. "Muwa yenye kushiba mayi haina sukari. Mungoje."

Niliposhuka kumpa Mzee ujumbe, nilimkuta ameshaziba mifereji. Kazi yao waliijua wote wawili. Toronto ndiyo hawakuijua.

Baridi ilishuka usiku mmoja wa Oktoba. Asubuhi majani yalikuwa yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Mzee alikata muwa mmoja, akaja nao kwetu kofia mkononi, Rosita nyuma yake. Mama aliutwanga, akaukamua kwa kitambaa, akamnywesha Koko kwa kijiko. Mimi nilisimama pale nikimwomba Mungu uwe mtamu.

Koko alimeza. "Mwambie ni mayi tu," alisema. Kisha akanishika mkono. "Lakini asing'oe shina. Itachipuka. Nitakunywa ya pili."

Nilitafsiri, Rosita naye akatafsiri. Mzee alitoka bila kuaga.

Tulimzika Koko kabla ya Krismasi.

Theluji ilipoyeyuka, Mzee Anselmo alizibua mifereji, akaanza kulimwagilia lile shina. Nililigusa likabonyea, limeoza. Mama alimshika mkono, akamwambia kwa Kiingereza chake cha taabu kwamba limekufa. Mzee alijibu kwamba anajua, akaendelea. Ndipo baba, ambaye hakutoa chozi makaburini, alichukua ndoo, akashika zamu. Alimwaga maji huku akilia kama mtoto.

Siku hizi juisi ya miwa inauzwa hapa hata Januari, na ndimu na barafu juu. Wanangu wanainywa macho kwenye simu. Siwanyimi, hata mimi nainywa. Nikiwasimulia habari za Koko wananisikiliza kwa adabu, kisha wananiuliza, kwa Kiingereza, kwa nini hakununua tu. Enzi zetu swali hilo lisingemtoka mtoto yeyote. Aliyeweza kuwaeleza ni Koko, naye amelala katika ardhi hii hii iliyoikataa miwa yake.