Sikio Lililobaki

Kila aliyekuwa na neno naye alijua aje upande wa kulia. Sikio la kushoto lilikufa mwaka wake wa pili wa kazi ya kuzamia majini, alipokuwa kijana mwenye haraka. Alishuka bila kusawazisha masikio, na maumivu yalipomzidi akabana pua na kupuliza kwa nguvu zake zote. Kitu kikapasuka kichwani, na upande ule wa dunia ukanyamaza mpaka leo. Wenzake wakamwita Nusu Redio. Akacheka nao, maana jina la utani ukilinunia ndiyo kwanza linaganda.

Kazi yake ilikuwa kusafisha wavu wa chuma chini ya bwawa, mahali bomba kubwa linaponyonya maji ya mji. Mita kumi na nne, gizani. Alishuka miguu mbele, ameshika kamba, na kila baada ya urefu wa mkono alisimama, akabana pua kupitia mpira wa miwani ya kuzamia, akapuliza polepole kama anayepoza chai ya mtoto. Sikio likilia tik, anaendelea. Likigoma, anapanda kidogo na kujaribu tena. Likigoma mara tatu, anarudi juu. Sheria hiyo alijiwekea mwenyewe, na kwa miaka kumi na minane hakuivunja.

Asubuhi hiyo aliamka na mafua.

"Pua inapiga filimbi," mkewe alisema. "Leo hushuki."

"Takataka zimeziba wavu. Nusu ya mji haina maji, mama watoto. Nitatia dawa ya pua."

"Hilo sikio si lako peke yako. Mimi ndiye ninayezungumza nalo."

Alitia matone mawili kila tundu. Pua ikafunguka, akaondoka mbio. Lakini pampu ilichelewa kuzimwa, na hakuna mzamiaji mwenye akili anayekaribia bomba linalonyonya. Walingoja kwenye ukingo wa saruji hadi adhuhuri, yeye na shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa mshika kamba wake.

"Shemeji, ukizama mazima," yule kijana alisema, "dada nitamwambia nini?"

"Mwambie alikuwa sahihi."

Kushuka kulikuwa laini. Sikio lililia tik, tik, kwa utiifu uliomdanganya. Chini, ubao mzito na magunia yaliyooza vilikuwa vimenasa kwenye wavu. Alikata, akavuta, akakata. Zilipita dakika arobaini. Alipomaliza alivuta kamba mara tatu, ishara ya kupanda, na shemeji akaanza kumvuta.

Mita mbili tu juu, sindano ikaingia sikioni.

Alielewa papo hapo, na kuelewa kukamtia baridi kuliko maji. Dawa ilikuwa imekwisha nguvu. Kamasi ilikuwa imeziba njia, na hewa aliyoipuliza sikioni wakati wa kushuka sasa ilikuwa imefungiwa mle. Kila alipopanda ilitanuka ikitafuta mlango.

Alivuta kamba mara mbili: simama. Ikasimama.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha fika puani. Miaka yote hiyo mkono ule ulikuwa ukienda wenyewe, na sasa ulikuwa adui. Kupuliza wakati wa kushuka ni uzima. Kupuliza sasa ni kuongeza hewa kwenye chumba kinachopasuka. Akaushusha. Ukapanda tena. Akauingiza chini ya mkanda wa vipande vya risasi uliompa uzito wa kuzama, akaubana kama mtu anayembana mwizi.

Akashuka kidogo. Sindano ikalegea. Akameza mate, akatikisa taya huku na huku. Hakuna. Akapanda kwa upana wa kiganja. Maumivu yakarudi na kizunguzungu juu yake, hata asijue juu ni wapi ila kwa kamba. Geji ya mtungi wa hewa aliobeba mgongoni ilikuwa imeingia kwenye alama nyekundu. Akikaa, atakufa. Akipanda haraka, ataishi, lakini hatamsikia mtu tena.

Huko juu kijana aliingiwa na hofu, akavuta. Mzamiaji akarudisha ishara: simama. Kamba ikatetemeka, kisha ikatulia.

Kiganja. Meza. Taya. Kiganja. Mita za mwisho ndizo mbaya, na maji yalipoanza kuwa ya kijani alikuwa akilia ndani ya miwani bila kujua. Ndipo ikatoka sauti ndogo, kama uzi unaokatika, na kitu cha moto kikamtiririkia kooni. Hakujua kama ni njia iliyofunguka au ngoma ya sikio iliyopasuka. Hewa ikawa nzito kuvutwa. Akapanda.

Shemeji alimbwaga juu ya saruji na kumvua miwani iliyojaa damu. Midomo ya kijana ilikuwa ikienda mbio. Mzamiaji aliona midomo tu. Maji yalikuwa bado yamejaa sikioni. Akainamisha kichwa, akangoja, akiogopa kuuliza.

"Sema kitu," akanong'ona hatimaye.

Kijana, ambaye hakuwahi kukosa mzaha, alimwinamia upande wa kulia. "Niseme nini?" akauliza, mbali, kama aliye nyuma ya ukuta. "Damu inakutoka puani. Kamba imenichuna mikono. Sijui niseme nini, shemeji."

"Rudia," alisema, amefumba macho. "Yote. Polepole."