Aliyechunga Ng'ombe Jumapili

Juzi mjini, katika duka la kuchapisha vijitabu vya mazishi, mjane mmoja kutoka eneo la Mutuini alimkatiza mchapaji aliyekuwa akimsomea wasifu wa marehemu mumewe.

"Futa hapo. Mzee wangu hakuwa nguzo ya kanisa. Andika Jumapili alibaki akichunga ng'ombe wa majirani, ndio sisi twende ibada."

"Lakini mama, pasta atasema nini?"

"Aseme nini, na ng'ombe wake pia alikuwa kati ya hao?"

Tulicheka wote, yeye akipangusa macho.

Mimi nilikuwa nimeleta kijitabu cha ukumbusho wa marehemu mke wangu. Nilikuwa nimeandika "mcha Mungu", basi. Nikaomba kalamu, nikaongeza kwamba alimpelekea uji jirani mgonjwa aliyekuwa akimtukana, hadi akapona. Nadhani hata mbinguni walimtambua kwa uji huo.