Alama za Kuuliza Kwenye Tasnifu Yangu

Nakiri, nilimsingizia Wanjiru, Mkenya ninayeshiriki naye ofisi hapa chuoni Nsambya. Kila nilipochapisha tasnifu yangu, kwa programu inayojaza marejeo yenyewe kutoka orodha ya vitabu, penye jina la msimamizi wangu, Profesa Mirembe, zilitokea alama za kuuliza. Marejeo mengine yalikuwa sawa. Nani angefuta jina moja tu? Wanjiru alikuwa ameazima kompyuta yangu Jumatatu. Nikajifanya mpelelezi, nikabadili nywila, nikawa namchunga hata akinywa chai. Mwishowe nikampeleka kwa profesa.

“Madamu, ameniharibia kazi.”

“Haki ya Mungu, sijagusa kitu!” Wanjiru akaapa.

Profesa alisoma faili, kisha akanigeuzia kompyuta.

“Kwenye orodha ya vitabu umeandika Mirembe. Kwenye sura umeandika Milembe, na ndiye programu inayemtafuta bila kumpata. Huyo ni nani?”