Zamu ya Verlin Kwenye Maikrofoni

Kila asubuhi, kabla hata ya kubandika kahawa jikoni, Verlin Stidham huvaa kucha zake za kupigia banjo, ile ala yake ya kamba tano: moja ya plastiki kwenye dole gumba na mbili za chuma, na kuzigongagonga ukingoni mwa meza. Mkewe, Delphia, huamshwa na mlio huo. Tangu kiharusi kilipompiga Verlin, majani yalipokuwa yakipukutika milimani, Delphia hulala kimya akisikiliza: kidole cha kati kinachelewa, au leo hakichelewi?

Jumamosi ya tamasha la bendi yake hakikuchelewa sana. Lakini meza si banjo, na ukumbi wa shule uliojaa majirani si jikoni.

"Nikivuruga leo naiuza," Verlin alisema wakiwa garini, banjo ikiwa kwenye kiti cha nyuma. "Sitaki watu wanipigie makofi ya huruma."

"Haya," Delphia akasema. Aliogopa kuongeza neno. Hakuwahi kuishi na Verlin asiyepiga banjo, na hakujua angemfanyia nini mtu huyo.

Bendi ilisimama kama kawaida mbele ya maikrofoni moja. Zamu yako ikifika unasogea, wenzako wanakupisha. Hapo huna pa kujificha.

Nyimbo mbili za kwanza Verlin alizipiga chinichini, nyuma ya bega la Harlis, mwimbaji wao. Ya tatu ndiyo iliyofunguliwa na banjo, na Harlis aliamua kuiimba kwa sauti ya juu zaidi kwa sababu koo lilikuwa limeshapata moto. Verlin akabana kwenye shingo ya banjo kibanio cha kupandisha sauti ya kamba, akasogea, akapiga.

Mlio wa kwanza ukatoka kombo. Wa pili hivyohivyo. Delphia akafumba macho. Basi, akawaza, mkono umekataa.

"Verlin!" akapaza sauti Burl, jirani yao, kutoka mstari wa mbele. "Kamba fupi, bwana! Inalia kama paka kakanyagwa mkia!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Delphia akafumbua macho. Kamba fupi! Kibanio hushika zile nne ndefu tu. Ya tano lazima uipandishe peke yake, uipitishe chini ya msumari mdogo ulio shingoni, na Verlin alikuwa ameiacha. Aliiacha vilevile siku ya harusi yao, mbele ya mchungaji. Aliiacha kila alipokuwa na haraka, miaka yote ambayo mkono ulikuwa mzima. Delphia akacheka mpaka machozi yakamtoka, na pumzi aliyoibana tangu asubuhi ikatoka nayo.

"Nilikuwa napima masikio yako, Burl," Verlin akajibu kwenye maikrofoni. "Naona moja bado linafanya kazi."

"Piga muziki, mzee, chakula kinapoa!"

Akaipandisha kamba, wakaanza upya. Safari hii milio ilimwagika kama punje za mahindi kwenye debe. Kidole cha kati kilichelewa mahali pamoja. Delphia alikisikia, labda yeye peke yake. Kabla zamu yake haijaisha, watu walishasimama, wengine wakipiga miluzi.

Baadaye, wakila maharage na mkate wa mahindi kwenye viti vya kukunja, Delphia alimwinamia.

"Hebu niambie ukweli. Ile kamba uliisahau, au ulitaka watu wacheke kwanza?"

Verlin akamega mkate.

"Niliisahau," akasema.