Ulimbo Kwenye Waya wa Betri

Enzi zetu kule Masaki, Kisarawe, nguzo za umeme zilikuwa hazijafika. Televisheni ilikuwa moja tu, ya baba, nayo iliwashwa kwa betri ya gari. Siku ya fainali ikatolewa uani, watu wakajaa mpaka kwenye mikorosho, mihogo ya kuchoma inanukia. Waya wa betri haukufika! Ikabidi tuuunge, na mawingu yamefunga.

"Picha ikikatika mbele ya wageni," baba alisema, "naiuza kesho."

Solotepu ya shuleni ilibanduka papo hapo. Nikaja na ujanja wangu: ulimbo, ule wa utomvu wa fenesi tuliotegea ndege. Nikapaka kwenye maungio, nikajiona fundi. Mara kifaranga cha mama kikanata pale, kikapapatika na kupiga kelele mpaka waya ukachomoka. Watu walicheka wakashika mbavu.

Dada Mwanahawa, aliyenitangulia kuzaliwa, hakucheka. Alifuta waya kwa kanga yake, akakata utepe wa tyubu kuukuu ya baiskeli, akanishikisha ncha.

"Vuta, wewe mtega kuku! Vuta mpaka ukaribie kukatika, ndiyo tuzungushe. Ukilegeza, maji yanaingia."

Mvua ikashuka kipindi cha pili. Hakuna aliyeondoka! Baba akafunika televisheni kwa turubai, sisi tukalowa. Picha haikucheza hata kidogo. Goli lilipoingia tulirukaruka kwenye tope, baba akamnyanyua dada juu kama vile yeye ndiye aliyefunga.

Juzi nilikuwa dukani Kwa Mathias, natafuta tepu ya kuungia waya wa taa za uani kwangu Sofu. Kijana muuzaji hakuinua macho kwenye simu.

"Shikamoo mzee. Tepu ni tepu tu, chukua yoyote."

"Marahaba. Nipe ya mpira, ile inayovutika na kushikana yenyewe. Na ya plastiki, nizungushie juu."

Siku hizi nyumbani kwangu kila mtoto ana kioo chake cha simu mkononi. Goli likiingia, mmoja anashangilia chumbani, mwingine analisikia sebuleni. Hakuna anayelowa na mwenzake.

Taa zile ni za arobaini ya dada. Nilizima umeme, nikafuta waya, nikavuta tepu mpaka ikakaribia kukatika. Nikasimama kidogo, nasubiri mtu aniambie nimelegeza.